Goti halifuati kalenda

Jumapili, tarehe 4 Desemba 2016, Yannick Bolasie aliumia goti akiichezea Everton dhidi ya Manchester United kwenye uwanja wa Goodison Park. Kano ya msalaba ya mbele, ile inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, ilikuwa imeharibika. Kombe la Afrika la Gabon lilikuwa limebakiza wiki 6 kuanza. Leopards, timu ya taifa ya Kongo, walienda bila winga wao, wakafika robo fainali, wakatolewa na Ghana kwa mabao 2 kwa 1. Bolasie alionekana tena kwenye ligi ya Uingereza tarehe 26 Desemba 2017. Hesabu: wiki 55.

Mpelekee habari hiyo kijana anayecheza mpira Lweba, kijiji cha Fizi mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, atakuuliza kama Bolasie aliumwa goti tu au alikuwa na ugonjwa mwingine. Huku Fizi goti likilia uwanjani, mchezaji hupakiwa kwenye pikipiki, hukandwa kwa maji ya moto na majani, kisha hulala nalo mpaka uvimbe unywee. Uvimbe ukiisha, analijaribu mwenyewe: anachuchumaa, anaruka mara mbili, anapiga mpira ukutani. Haliumi. Basi limepona. Wiki ya 6 au ya 8 yuko uwanjani, na mchezo wa pili au wa tatu linamtoka tena akigeuka peke yake, hata hajaguswa na mtu. Safari hii linaondoka na gegedu.

Ni kweli Liverpool, mji wa Everton, kuna madaktari wa upasuaji ambao Lweba haina. Lakini kuna kitu kingine ambacho watu hawakitazami. Kule, kabla mchezaji hajarudishwa, kuna mtu anayeuliza kwa namba: mguu huu una nguvu kiasi gani ukilinganishwa na mwenzake? Huku kwetu tunauliza kama unauma. Maswali haya mawili hayana jibu moja. Maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hurudi baadaye sana, na katikati ya siku hizo mbili ndipo magoti mengi yanapopotelea.

Kiti, mikanda na mota

Kifaa kilichozoeleka katika kujibu swali hilo ni mashine ya isokinetiki. Ni kiti kizito chenye mkono wa chuma ubavuni. Mgonjwa hufungwa mikanda kifuani, kiunoni na pajani ili mgongo usije ukausaidia mguu kwa siri. Muundi hufungwa kwenye mkono wa chuma, na mhimili wa mota hupangwa ulingane kabisa na mahali goti linapokunjia. Kisha mtaalamu huchagua kasi: nyuzi 60 kwa sekunde, 180, au 300.

Kwa kasi ya 60, mguu hutoka kwenye pembe mraba hadi kunyooka kwa sekunde moja na nusu. Ukisukuma kwa upole ni sekunde moja na nusu. Ukisukuma kwa hasira zako zote ni ile ile. Nguvu unayoongeza haizai mwendo. Mashine inaipokea, inakurudishia ukinzani wa kiasi hicho hicho, na inaiandika kwenye skrini.

Chuma cha kunyanyua hakiwezi hivyo. Anayenyanyua uzito hubanwa na pale alipo dhaifu. Misuli ya mbele ya paja ina nguvu nyingi goti likiwa limekunjwa kiasi, na hupungukiwa linapokaribia kunyooka. Uzito ambao mtu anaweza kuufikisha mwisho wa safari ni mwepesi mno kwa katikati ya safari. Mashine hubadilika naye hatua kwa hatua, hivyo msuli hufanya kazi yote unayoiweza katika kila pembe. Na maumivu yakimshtua akaacha kusukuma, hakuna uzito wa kumwangukia. Ukinzani hukatika papo hapo.

Wazo hilo lilitangazwa rasmi mwaka 1967 na Wamarekani wawili, Helen Hislop, mtaalamu wa fiziotherapia, na James Perrine, mbunifu wa mitambo, katika jarida la wanafiziotherapia wa nchi hiyo. Kampuni ya Lumex ikatengeneza mashine za Cybex, na baadaye wakaja wengine kama Biodex. Miongoni mwa makocha wa kwanza kulipigia debe zoezi hilo alikuwa James Counsilman, mwalimu wa kuogelea wa Chuo Kikuu cha Indiana, ambaye mikononi mwake alipita Mark Spitz, mshindi wa medali 7 za dhahabu Munich mwaka 1972. Si ajabu kwamba waogeleaji walilielewa upesi. Maji yana tabia inayokaribia hiyo, na nitayarudia.

Namba na mipaka yake

Nguvu ya kuzungusha kiungo hupimwa kwa newton-mita. Ning'iniza bidoni ya lita 20 iliyojaa maji kwenye ncha ya fimbo iliyolala, yenye urefu wa nusu mita: nguvu inayotaka kuizungusha fimbo hiyo ni karibu newton-mita 98. Mwanasoka wa kulipwa, kwa kasi ya nyuzi 60, huzidisha hapo mara mbili kwa goti moja.

Lakini namba tupu haimwambii kine, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, mengi. Anachokitafuta ni ulinganifu. Kwanza hutazama mguu ulioumia dhidi ya mzima: wengi wanataka tofauti iwe chini ya asilimia 10 kabla ya mtu kurudi mashindanoni. Pili hutazama misuli ya nyuma ya paja dhidi ya ile ya mbele. Kwa kasi ndogo, ya nyuma hutarajiwa kuwa na kama asilimia 60 ya nguvu ya mbele. Ikishuka sana, mguu unakuwa na mota kubwa na breki mbovu, kwa kuwa misuli ya nyuma ndiyo inayoisaidia kano ya goti kuushikilia muundi usitoke mbele.

Ushahidi wa faida ya ulinganifu huo upo. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na Jean-Louis Croisier wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wanasoka 462 wa kulipwa waliopimwa kabla ya msimu. Waliokuwa na misuli isiyolingana na ambao hawakurekebishwa, waliumia nyuma ya paja zaidi ya mara 4 kuliko wenzao waliokuwa sawa. Ila mwaka 2016 ukaja utafiti mwingine, wa wachezaji 614 wa Qatar, ukaonyesha kwamba mashine hiyo hiyo haina uwezo mkubwa wa kubashiri nani ataumia paja kesho. Kwa hiyo ni kifaa cha kukagua, na anayeigeuza kuwa mganga wa ramli anajidanganya.

Ina mipaka mingine. Hakuna anayecheza mpira amekaa kwenye kiti. Goti la mtu anayepiga shuti huzunguka kwa zaidi ya nyuzi 1,000 kwa sekunde, na kipimo kwa kawaida huishia 300. Tena katika miezi ya kwanza baada ya kano kushonwa upya, kulinyoosha goti kwa nguvu zote dhidi ya mkono wa chuma kunaweza kuivuta kano changa. Ndiyo maana mgonjwa hawekwi kwenye kiti hicho mapema.

Ziwa, mkono na kamba

Mashine moja mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Inataka umeme usioyumba, programu, fundi wa kuirekebisha na mtu aliyefunzwa kuisoma. Kijiji kinachowasha taa kwa paneli za jua hakiwezi kuipanga kwenye bajeti yake. Mtu wa Fizi mwenye tatizo zito la viungo hupelekwa Bukavu, kwenye kituo cha Heri Kwetu, ambacho kimefanya kazi kwa miaka na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kama ilivyo kwa kituo cha Shirika la Umoja kule Goma. Miji hiyo miwili iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari na Februari 2025, na safari ambayo tayari ilikuwa ndefu ikapata vizuizi vipya. Kwa hiyo swali la Lweba ni hili: ni kazi gani ya mashine inayoweza kufanywa bila mashine?

Kazi yake ya kwanza, ya kukinza kwa kadiri unavyosukuma, ilikuwa ya mkono wa mtu kabla haijawa ya mota. Kine hukaa mbele ya mgonjwa, hushika muundi juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kumwambia anyooshe. Hulegeza pale msuli unapochoka, hukaza pale unapopata nguvu, na hushika mwendo usikimbie. Kine mzuri huhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, kila mara kwa mwendo ule ule. Mkono wake hauandiki namba, lakini kwa mazoezi unatosha. Mama au ndugu wa mgonjwa anaweza kufundishwa asubuhi moja akaendelea nyumbani.

Wengi hukimbilia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Unafaa, ila ujulikane ulivyo. Mpira ni laini mwanzoni na mkali mwishoni, yaani humkaba mtu hasa pale goti linapokuwa dhaifu, karibu na kunyooka. Kwa goti bichi, vuta umbali mfupi, na acha goti limekunjika kidogo.

Halafu kuna Ziwa Tanganyika, hatua chache kutoka majumbani. Maji hukinza kwa kadiri unavyoyasukuma: ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani unaongezeka kama mara nne. Ukiacha, yanaacha. Hayashiki kasi moja kama mota, kwa hiyo si isokinetiki kamili, lakini yanamnyima mtu nafasi ya kujiumiza kwa pupa. Tena yanambeba. Yakifika kiunoni huondoa karibu nusu ya uzito wa mwili. Yakifika shingoni, hubaki kama sehemu moja ya kumi. Mtu ambaye nchi kavu hawezi kuchechemea hatua kumi anaweza kutembea majini robo saa, akirusha mguu mbele na nyuma, akipanda na kushuka.

Ziwa hilo lakini si bwawa la hospitali. Mabwawa ya tiba hupashwa moto hadi nyuzi 33 au zaidi. Ziwa ni baridi kuliko hapo, kwa hiyo dakika 15 au 20 zinatosha. Jeraha la upasuaji au la risasi lazima liwe limefunga kabisa. Kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe, kipindupindu hakijaachana na Uvira na Fizi, na mamba hawasomi ratiba ya kine. Nenda mahali ambapo wavuvi wenyewe huogea, mbali na majani na mito inayoingia ziwani, na usiende peke yako.

Kwa misuli ya nyuma ya paja kuna zoezi linaloitwa la Nordik. Mchezaji hupiga magoti kwenye mchanga, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye hujiachia mbele taratibu, mwili umenyooka, akijizuia kwa mapaja mpaka nguvu zimwishie, ndipo mikono impokee. Mwaka 2019 watafiti waliojumlisha tafiti zilizohusu wanamichezo 8,459 waliona kwamba timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya nyuma ya paja hadi kama nusu. Linahitaji mchanga na rafiki.

Vipimo vitano kati ya sita

Kazi ya pili ya mashine ndiyo ngumu kuipata Lweba: kupima. Hapo tuna bahati, kwa sababu mashine haijawahi kupima peke yake.

Hospitali ya Aspetar ya Doha, moja ya hospitali kubwa za michezo duniani, mwaka 2016 ilichapisha habari za wanamichezo 158 wa kulipwa walioshonwa kano ya goti. Wale walioruhusiwa kurudi bila kutimiza vigezo vyote waliichana kano mpya kama mara 4 zaidi ya waliotimiza. Vigezo vilikuwa 6. Kimoja ni mashine ya isokinetiki. Vingine vitatu ni vya kuruka kwa mguu mmoja: mruko mmoja, miruko mitatu mfululizo, na miruko mitatu ya kukatiza mstari kushoto na kulia. Cha tano ni mbio za herufi T, zenye koni 4: mbele, upande, upande wa pili, kinyumenyume, chini ya sekunde 11. Cha sita ni kumaliza mazoezi ya uwanjani ya mchezo wenyewe.

Vitano kati ya hivyo vinahitaji mita ya fundi seremala, saa ya simu, na mawe manne badala ya koni. Ruka kwa mguu mzima, tia alama, pima. Ruka kwa mguu ulioumia, pima. Wa kwanza ukifika sentimita 160 na wa pili 128, ni asilimia 80. Haujafika. Rudi mazoezini.

Kile cha mashine nacho hakipaswi kuachwa, maana watafiti wale wale waliona kwamba udhaifu wa misuli ya nyuma dhidi ya ya mbele uliongeza hatari. Na mtu anaweza kuruka vizuri kwa kuficha udhaifu wa goti, akiazima nguvu za nyonga na kifundo. Kinachoweza kushika nafasi yake kinaning'inia kwenye kila ghala la mihogo na ndagala: mizani ya ndoano.

Mkalishe mchezaji juu ya meza imara, goti limekunjika pembe mraba, mgongo wima, mikono kifuani. Mfunge mkanda mpana juu kidogo ya kifundo cha mguu. Unganisha mkanda na mizani, na mizani na mguu wa meza kwa kamba isiyovutika, iliyonyooka kabisa kuelekea nyuma. Mwambie asukume muundi mbele, pole kwanza, kisha kwa nguvu zote sekunde 5. Soma kilo. Mara tatu, chukua iliyo kubwa, kisha mguu wa pili, kamba ikiwa urefu ule ule. Kilo 50 kulia na 35 kushoto ni asilimia 70. Kuna nguvu ila hakuna mwendo, kwa hiyo haifiki pale mashine inapofika. Lakini inalinganisha mguu na mguu, na pembe hiyo haiivuti kano kama inavyovutwa goti likikaribia kunyooka. Kwa misuli ya nyuma, geuza: mlaze kifudifudi, avute kisigino kuelekea makalioni.

Wakati nao uheshimiwe. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka huo huo wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mtu aliyeshonwa kano alichelewa kurudi, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa asilimia 51. Baada ya mwezi wa 9 kuchelewa hakukuongeza faida ile. Kwa hiyo masharti ni mawili, miezi na kipimo, na hakuna kimoja kinachosamehe kingine. Kijana ambaye hakupata upasuaji ana sababu kubwa zaidi ya kuijenga misuli, kwa kuwa ndiyo inayobeba kazi ya kano iliyokatika.

Goti la mvuvi na la mbeba mihogo

Tukiishia kwa wanasoka tutakuwa tumewasahau wengi. Fizi imepitia vita vya miaka, na mifupa ya paja iliyovunjwa na risasi au pikipiki hutibiwa mara nyingi kwa kuvutwa na uzito kitandani, wiki 6 au zaidi. Mfupa huunga. Anayeinuka kitandani hukuta paja limekonda, goti limekakamaa, na mguu unamkatalia ngazi. Hospitali humpa ruhusa kwa sababu picha ya eksirei ni nzuri. Yeye anarudi kuvuta nyavu alfajiri au kupandisha gunia la mihogo kutoka shambani, na mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili.

Huyu hahitaji kuruka sentimita 160. Mpime kwa kiti: ainuke na kukaa kwa mguu mmoja, mikono kifuani, mara ngapi kila upande? Asimame kwa mguu mmoja, ainue na kushusha kisigino mpaka achoke. Mtu mwenye afya hufikia kama mara 25. Namba ya upande ulioumia ikiwa nusu ya mwenzake, kumrudisha mtumbwini ni kumwandalia anguko. Mizani ya ndoano inamfaa yeye pia.

Haya yote yanataka mtu wa kuyaandika. Mkono unasahau, mchezaji anaficha, kocha ana haraka ya mechi ya Jumapili, na jamaa wanataka kijana arudi kazini. Daftari halina haraka. Tarehe, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, asilimia: mistari minne kila wiki mbili. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kulishika, au kine anayepita, au mwalimu wa michezo wa shule. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya Nundu, Baraka au mbali zaidi, alibebe, maana daktari atakayelisoma atajua mengi kuliko atakayoyapata kwa kuuliza kama panauma.

Kamati za timu za Lweba hadi Baraka hukaa kila msimu kugawana pesa za jezi na mpira. Mwaka huu ziongeze mita, daftari na mizani moja ya kilo 100; vifaa hivyo vyote pamoja havifiki bei ya seti ya jezi. Kisha ziandike kwenye kanuni za timu kwamba mchezaji aliyeumia goti hapangwi mpaka daftari lionyeshe asilimia 90, hata kama ndiye mfungaji, hata kama ni fainali.